Miaka Thelathini Isiyopungua

Nchi yetu ya Shwari haina matatizo. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji mwenye haraka aishie hapa, aende zake na amani yake. Wewe uliyebaki umebaki kwa hiari yako, usije ukanilaumu baadaye. Mimi ni karani tu wa Mahakama ya Wilaya ya Tulizana. Kazi yangu ni kuandika wanayosema wengine, na kwa miaka ishirini na miwili nimeyaandika kwa mwandiko mzuri ambao hata mahakimu huusifia.

Wapo wageni wanaodai kwamba Shwari iliwahi kuwa na majambazi. Hilo si kweli, ila kidogo. Ulikuwepo mwaka mmoja ambapo watu wenye mapanga walivunja nyumba saba, wakaua walinzi wawili na kumkata mkono mwalimu wa shule ya msingi. Wananchi walilia, wakaandika barua, wakaandamana hadi wilayani, wakaambiwa uchunguzi unaendelea. Kisha majambazi wale wale wakakosea nyumba. Wakaingia kwa shemeji wa Spika wa Bunge, wakambebea televisheni. Kesho yake asubuhi Bunge liliketi kwa dharura.

Siku hiyo ratiba ilikuwa na jambo jingine. Wafanyakazi wa Shwari walikuwa wakidai kima cha chini cha mshahara kwa miaka kumi na mitano, na zamu yao ya kusikilizwa ilikuwa ndiyo imefika. Waziri wa Utulivu akasimama, akakohoa kikohozi rasmi, akasema:

"Mheshimiwa Spika, wananchi wamelia kima cha chini, kima cha chini! Serikali yenu sikivu imesikia. Leo tunawapa kima cha chini. Cha kifungo."

Wabunge waligonga meza mpaka maji yakamwagika kwenye glasi. Wafanyakazi waliokuwa wamekaa kule juu kwa wageni nao walipiga makofi, maana walisikia neno lao likitajwa na hawakutaka kuonekana hawana shukrani.

Sheria ilipita kabla ya chakula cha mchana. Ilisema kwamba hakimu akimkuta mtu na hatia ya kunyang'anya kitu akiwa na silaha, asijisumbue kupima hili wala lile. Amfunge miaka isiyopungua thelathini. Hivyo ndivyo mwandishi wa sheria alivyoiandika kwenye rasimu. Lakini Waziri alipoisoma kwa sauti aliona haina kishindo. Sentensi inaishia kwenye namba, alisema, na namba haijawahi kumtisha mtu. Alitaka imalizikie kwenye neno lenye makucha. Mwandishi wa sheria alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu, na hakuwa na hamu ya ubishi. Alilichukua lile neno moja kutoka kushoto akaliweka kulia. Sheria ikasomeka hivi: "atafungwa miaka thelathini isiyopungua."

Waziri akaisoma tena, akapiga ngumi mezani. "Hapo sasa!" akasema. "Hapo mtu anasikia baridi."

*

Kabla ya sheria hiyo mahakimu wetu walikuwa na tabia ya kufikiri. Walimuuliza mshtakiwa ana watoto wangapi, alikuwa na njaa kiasi gani, kisu alikishika kwa nia ya kuchoma mtu au ya kumenya chungwa. Yote hayo yalikula muda. Sheria mpya iliwapumzisha. Kila hakimu alipewa muhuri wenye namba thelathini, kidau cha wino mwekundu na mto mpya wa kukalia.

Ila kufikiri hakukufa. Kulihama ofisi tu. Kulitoka kwa hakimu, kukavuka ukumbi, kukaingia kwa mwendesha mashtaka wa wilaya, Bwana Kidifu. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua mtu ashtakiwe kwa kosa gani, na ofisini mwake mlikuwa na kabati lenye droo mbili. Droo ya juu ilikuwa na makosa yenye kima cha chini. Droo ya chini ilikuwa na makosa mengine yote. Ukishaingia droo ya juu, hata hakimu awe malaika, muhuri ni ule ule.

"Wanasema hiari imeondolewa mahakamani," Bwana Kidifu aliniambia siku moja akitafuna mbegu za maboga. "Sawa, imeondolewa. Lakini umeniuliza imekwenda wapi?"

"Imekwenda wapi, bosi?"

Alipigapiga kabati lake kama mtu anayembembeleza ng'ombe wa maziwa.

Mwezi ule ule aliletwa kijana mmoja, mpwa wa Waziri wa Utulivu. Kijana alikuwa ameingia kituo cha mafuta na panga, akamkata muuza mafuta begani, akaondoka na mkoba wa mauzo. Walioshuhudia walikuwa kumi na moja, na mmoja wao alikuwa sheikh. Bwana Kidifu alifikiri kwa siku mbili. Kisha akafungua droo ya chini, akamshtaki kwa kosa la kupatikana na zana ya kilimo nje ya msimu wa kulima. Hakimu Lwambano alimpa onyo kali na kumwamuru apande miti mitatu. Kijana alimtuma mtu akaipanda, na yule muuza mafuta mpaka leo hawezi kuinua mkono wa kulia juu ya bega.

Nayaeleza haya msije mkadhani sheria yetu ni katili. Ina huruma nyingi sana. Ni kwamba tu huruma yenyewe inakaa kwenye droo, na ufunguo anao mtu mmoja.

*

Sasa nije kwa Mama Mboni.

Mama Mboni aliuza vitumbua ubavuni mwa mahakama kwa miaka tisa. Ukifika kazini asubuhi unakutana na harufu ya iliki kabla hujakutana na bendera. Alikuwa na jiko la mkaa, chuma chenye vishimo saba, na spoku ya baiskeli iliyonyooshwa, ile ya kugeuzia. Hakimu Lwambano alikula vitano kila siku, na chai. Bwana Kidifu alikula vitatu. Mimi nilikula viwili, kwa kuwa ngazi yangu ya utumishi ni ya chini. Wote tulimwita Mama Mboni, kwa jina la mwanawe, binti mshonaji mwenye cherehani sokoni. Kwetu mwanamke akishazaa, jina alilopewa na babaye linawekwa kabatini. Kwa miaka tisa hapakuwa na mtu pale mahakamani aliyemwita kwa jina hilo.

Ikatokea wilaya inatembelewa na mgeni rasmi. Amri ikatoka kwamba barabara isafishwe, na kusafisha barabara kwa lugha ya wilaya maana yake ni kuondoa watu. Mgambo mmoja, Mbaruku, akatumwa upande wa mahakama. Alimkuta Mama Mboni katikati ya mchomo, moto unawaka, mafuta yanachemka.

"Ondoa haya!" alisema.

"Subiri viive, baba. Vimebaki saba tu, nitaondoka."

"Serikali haisubiri vitumbua!"

Akainama akakamata kile chuma kwa mkono mtupu.

Kelele aliyoipiga ilisikika mpaka chumba cha mahabusu. Kwa sababu ambazo yeye mwenyewe hajazieleza, hakukiachia. Alikimbia nacho hatua kadhaa, mafuta yanamwagika, na Mama Mboni nyuma yake na kitambaa mkononi akimwambia, "Kiweke chini, mwanangu, utaungua! Kiweke chini!" Alimfikia kwenye ngazi za mahakama, akakipokonya kwa kitambaa, akakiweka sakafuni. Akaja kumshika mkono amtazame lengelenge. Spoku bado alikuwa nayo katika mkono wa pili, maana hakuna anayechoma vitumbua akaitupa spoku.

Niliyaona yote haya dirishani. Hata kidogo sikuwa na wasiwasi. Nilirudi kwenye meza yangu nikamalizia kitumbua changu cha pili.

Bwana Kidifu naye aliona, kwenye dirisha lake. Lakini Bwana Kidifu alikuwa na shida ambayo mimi sikuwa nayo. Wizara ilitaka kila wilaya ionyeshe wamefungwa majambazi wangapi kwa sheria mpya, na mwaka ulikuwa umebakiza wiki tatu. Majambazi wetu wa kweli ama walikuwa hawajakamatwa, ama walikuwa na wajomba. Droo ya juu ilikuwa tupu kabisa. Alikaa akitazama ngazi za mahakama, mgambo analia, mwanamke ana kitu chenye ncha mkononi na chuma cha serikali miguuni. Nasema cha serikali kwa sababu kanuni za wilaya zinasema kitu alichokishika mgambo kimetaifishwa tangu alipokigusa.

Alifungua droo ya juu.

*

Kesi ilisikilizwa Jumatano, asubuhi moja tu. Wakili hakuwepo. Sheria mpya ilikuwa imeeleza kwa busara kwamba palipo na jibu moja, mtu wa kuuliza maswali hana kazi. Mboni alikaa benchi la mbele, uzi wa cherehani bado umemganda kwenye gauni. Mgambo Mbaruku aliingia na bendeji iliyoanzia kiganjani ikaishia shingoni.

Hati ya mashtaka iliandikwa "Mama Mboni", kwa kuwa ndivyo Bwana Kidifu alivyomjua. Hakimu Lwambano, mtu wa taratibu, akasema jina kamili linatakiwa.

"Jina lako?"

"Sikudhani," akasema Mama Mboni.

Hakimu akavua miwani. "Mahakama haijakuuliza ulidhani nini. Imekuuliza jina."

"Sikudhani, mheshimiwa."

"Hukudhani nini? Kwamba kuna sheria?"

"Ndivyo nilivyopewa na baba, mheshimiwa. Sikudhani."

Bwana Kidifu aliruka kutoka kitini na mbegu za maboga zikamtoka mfukoni. "Mheshimiwa, naomba iingizwe kwenye kumbukumbu! Mshtakiwa ameulizwa mara tatu, na mara tatu amekiri kwamba alitenda bila kudhani. Na akaongeza kwamba tabia hiyo ameirithi kwa babaye!"

"Karani," Hakimu alisema, "andika amekiri."

Ninyi mnaosoma mtaniuliza kama nilijua. Nilijua. Mwaka mmoja kabla yake nilimjazia fomu ya kitambulisho, Sikudhani binti Mfaume, mzaliwa wa Kwamsisi, na nikamwambia jina lake ni zuri. Lakini karani haongei, karani anaandika. Nilichovya kalamu nikaandika amekiri, na mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote.

Kilichobaki kilikuwa silaha. Bwana Kidifu akainua spoku juu ili watu wote waione.

"Hii ni nini?"

"Ya kugeuzia vitumbua, baba."

"Ina ncha?"

"Ina ncha. Bila ncha kitumbua hakigeuki."

"Mheshimiwa," Bwana Kidifu alisema kwa sauti ya huzuni, "ina ncha."

Hakimu Lwambano aliinama kwa muda. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa, na nawaapia machozi yalikuwa ya kweli. Akatoa hotuba ambayo wanafunzi wa sheria wa Shwari huikariri.

"Mama Mboni, nimekula vitumbua vyako miaka tisa. Ingekuwa juu yangu, leo ningekuonya ukaenda ukageuze vingine. Ingekuwa juu yangu nisingekuita hata ndani. Lakini haipo juu yangu. Bunge letu tukufu limeona kwamba hekima ya hakimu ni mzigo, likamtua. Mimi hapa nimebaki na muhuri. Sheria ni msumeno, Mama Mboni, hukata mbele na nyuma."

Ni kweli, msumeno hukata mbele na nyuma. Ila nimewahi kuwatazama maseremala wakifanya kazi, na sijaona hata mmoja aliyekatwa akiwa ameshika mpini.

Akagonga muhuri. Miaka thelathini isiyopungua. Mama Mboni alikuwa na miaka arobaini na saba. Hakulia wakati ule. Alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, akasema, "Mheshimiwa, na moto nimeuacha unawaka." Hakimu akaamuru moto uzimwe kwa gharama za serikali.

Mwisho wa mwaka wilaya ya Tulizana ilipewa kikombe.

*

Miaka mitatu ilipita. Mboni alikuwa akimtembelea mama yake kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na alikuwa na kalenda ukutani aliyoikata kwa mkasi, siku moja moja. Mwaka wa tatu ulipokwisha alikwenda kwa Mkuu wa Gereza, Afande Chilongola, apate tarehe rasmi ya mama yake kutoka. Haya aliyoyaambiwa alinihadithia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwangu, mikono imekamata magoti.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti. Karibu ukae."

"Nimekuja kuuliza, mama amebakiza miaka mingapi?"

Afande Chilongola aligeuka akatazama ubao nyuma yake. "Thelathini."

"Ameshakaa mitatu, afande."

"Najua ameshakaa mitatu. Mimi ndiye niliyemfungulia lango."

"Basi thelathini ukitoa mitatu…"

"Nitoe!" Afande alisimama. "Binti, umekuja kuniponza? Njoo usome mwenyewe hapa. Miaka thelathini isiyopungua. Isiyopungua! Nikitoa hata siku moja itakuwa imepungua, na mimi nitakuwa nimevunja sheria. Tena nimevunja nikiwa na bunduki begani. Unajua hiyo ni miaka mingapi?"

Mboni akasema hajui.

"Thelathini," Afande akasema. "Isiyopungua."

Huyu Afande Chilongola si mtu mbaya. Kila Mwaka Mpya alichukua chaki, akapita juu ya ile thelathini taratibu, isije ikafifia. Mama Mboni akiugua alimpa kitanda cha karibu na dirisha. Alikuwa na wafungwa mia mbili na arobaini wa sheria ile, na kwa wote ubao ulisema thelathini, aliyeingia jana na aliyeingia mwaka wa kwanza. Alijisikia vizuri kwamba gerezani mwake hakuna upendeleo.

Mboni alipomaliza kunisimulia akasema, "Mjomba karani, wewe ndiye uliyeandika ile kesi."

Nikamwambia akate rufaa. Nilimjazia fomu mimi mwenyewe, bure, na nilipomaliza nilijiona nimefanya wema mkubwa.

*

Rufaa ilisikilizwa na majaji watatu kwa muda wa miaka mitatu, jaji mmoja kwa mwaka. Waliita mabingwa wa lugha kumi na wawili. Bingwa wa kwanza alisema "isiyopungua" ikikaa kabla ya namba ina maana ya chini yake usishuke, na ikikaa baada ya namba ina maana ya kitu kisichoisha, kama bahari. Bingwa wa pili alisema hata bahari hupwa. Wakabishana kuhusu maji kupwa na kujaa kwa wiki mbili. Bingwa wa tisa alizimia akifafanua kivumishi, akapewa nishani.

Katika muda wote huo, ile kumbukumbu ya kesi niliyoiandika mimi, kurasa nne, ilikuwa mezani kwa majaji, chini ya kamusi. Haikufunguliwa. Swali lililokuwa mbele ya mahakama tukufu lilikuwa neno moja, na neno lenyewe halikuwemo katika zile kurasa.

Hukumu ya rufaa ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ilisema: neno limekaa mahali pasipo pake, jambo hilo linasikitisha, lakini mahakama haina mamlaka ya kuhamisha neno, kwani kuhamisha neno ni kutunga sheria. Bunge ndilo lenye maneno.

Bungeni hapakuwa na aliyethubutu. Mbunge mmoja wa kusini alijaribu kuuliza kwa upole kama neno lingeweza kusogezwa, wenzake wakamzomea. "Anataka kupunguza! Anawatetea majambazi!" Uchaguzi uliofuata aliangushwa na mtu ambaye sera yake ilikuwa kuongeza neno "kamwe" baada ya "isiyopungua".

Kilichowaokoa wafungwa hakikuwa huruma wala sarufi. Kilikuwa mahali pa kulala. Kwa kuwa hapakuwa na anayetoka, gereza lilijaa, likajaa tena, wafungwa wakaanza kulala kwa zamu, wengine wamesimama kama kuni. Siku Afande Chilongola alipoandika kwamba sasa anaomba kutumia nyumba za wageni za wabunge, Bunge liliitishwa kwa dharura. Waziri yule yule wa Utulivu, sasa ana mvi, alisimama akakohoa.

"Serikali yenu sikivu," alisema, "imegundua kosa lililofanywa na watu wasiojulikana."

*

Sherehe ya Kuhamisha Neno ilifanyika uwanja wa michezo wa Tulizana, kwa heshima ya wilaya yenye kikombe. Sheria iliandikwa upya kwenye mbao ndefu, kila neno ubao wake, zikasimamishwa katikati ya uwanja. Wanaume wanane waliovaa sare walilibeba neno "isiyopungua" kutoka kulia mwa "thelathini", wakazunguka nalo uwanja mara moja watu walione, wakaja kuliweka kushoto. Mizinga ilipigwa. Bendi ya matarumbeta ilipiga wimbo wa taifa na nyimbo nyingine za furaha. Wanawake walipiga vigelegele, na mzee mmoja mbele yangu alikuwa akilia na kusema amejaliwa kuona siku hii.

Kuanzia saa ile miaka ilianza kupungua. Afande Chilongola alikuja na ubao wake na kifutio kipya. Mama Mboni, mwenye miaka saba gerezani, alifutiwa thelathini akaandikiwa ishirini na mitatu. Uwanja mzima ulipiga makofi. Waziri akatangaza kwamba binti wa mfungwa aliyekata rufaa hii ya kihistoria yupo hapa, na angependa kutoa neno la shukrani.

Mboni hakuwa ameomba kutoa neno lolote. Walimsukuma taratibu mpaka jukwaani, wakamwekea kipaza sauti. Alikuwa amevaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe.

"Mama amenituma niwashukuru," alisema. Makofi. "Jana nilikwenda kumwambia kwamba sasa imebaki ishirini na mitatu. Akahesabu kwa vidole atakuwa na miaka mingapi. Akapoteza hesabu, akaanza upya. Ilipofika sabini na saba akaacha vidole." Makofi tena, machache, ya watu waliodhani ni mahali pa kupiga. "Halafu akasema, mwanangu, kwa kuwa utakuwa na wakubwa wote pale, niulizie jambo moja. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeniambia. Hivi mimi nilimnyang'anya nani?"

Waziri alimtazama Hakimu Lwambano. Hakimu Lwambano alimtazama Bwana Kidifu. Bwana Kidifu akachunguza viatu vyake, kisha akanitazama mimi.

"Swali zuri sana!" Waziri akasema, akikivuta kipaza sauti kwake. "Limepokelewa! Litafanyiwa kazi!" Akampungia mkono kiongozi wa bendi.

Matarumbeta yakalia. Watu wakanyanyuka, wakashikana viuno, wakaanza kucheza kuzunguka lile neno. Mboni hakushuka jukwaani. Alisimama pale pale, akiwapita wakubwa wote kwa macho, mpaka macho yake yakanifikia mimi, yakakaa. Hakuwa na hasira. Alikuwa akisubiri tu, kama mtu aliyeuliza njia.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, na hatua kumi zingenifikisha jukwaani. Nawaapia mguu mmoja niliunyanyua.

"Karani," Hakimu Lwambano aliniambia sikioni, amenishika mkono, anatabasamu kwa wapiga picha, "cheza. Tunatazamwa."

Nikacheza.